Mapacha wa Milioni Sitini na Mbili

Mwalimu hakuwahi kushika namba ya simu kichwani tarakimu kwa tarakimu kama wafanyavyo watu wengine. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya kasuku. Yeye namba aliijua kwa tabia zake: hii inagawanyika kwa kumi na moja, ile ukiisoma kutoka nyuma inabaki vilevile, na ya muuza maziwa ina vigawo vingi, “kama mtu mwenye ndugu kila mtaa.” Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu kila mtu aliendelea kumwita Mwalimu, wakiwemo binti zake wawili aliowazaa mwenyewe.

Tabia hiyo ilikuwa ya kuchekesha mpaka asubuhi ile kiharusi kilipompiga akiosha vyombo. Simu yake ilitumbukia kwenye beseni la maji ya sabuni na kulala humo huku watu wakihangaika kumbeba kumkimbiza hospitali. Mwalimu alirudi nyumbani, tena akiwa na akili zake timamu. Mkono wa kulia tu ndio ulikuwa mzito na maneno yakimtoka polepole. Simu haikupona. Na tarakimu nazo zilikuwa zimemtoroka. Ukimwandikia saba, aliitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani: anamjua, ila jina limempotea.

Hilo lisingekuwa jambo la kuliza watu, kama si Kitinda.

Kitinda alikuwa binti mdogo, kipenzi cha Mwalimu na kichwa cha hesabu cha familia. Alifika chuo, akasoma nusu ya safari, halafu siku moja akaacha na kwenda nchi ya mbali kuendesha mitambo ya kuchimba visima vya maji. Mwalimu aliwaka. “Umeziacha namba, basi na mimi umeniacha,” alimwambia. “Usinipigie.” Na mtoto, kwa kuwa kiburi alikirithi hapo hapo nyumbani, kweli hakupiga. Akabadilisha laini, akapotea.

Kisha, siku mbili kabla ya kiharusi, akapiga. Alikuwa amekwenda kununua laini mpya, wakammwagia laini mezani achague, naye akazichambua mpaka mwenye duka akachoka. “Nimekuchagulia hii, Mama,” alisema. “Itazame vizuri.” Mwalimu aliitazama, akaikokotoa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini kusamehe hapo hapo? Thubutu! Kitinda akamwambia kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, kampuni yake inahamia kambi ya mbali isiyo na mtandao, mkataba wa miaka mitatu. “Ukinipigia kabla ya hapo nitajua umenisamehe, sitasaini, nitarudi nyumbani. Usipopiga nitaelewa, na sitakusumbua tena.” Mwalimu akajibu, “Nitafikiri.” Alikuwa ameshafikiri, alikuwa ameshasamehe, alitaka tu kuringa siku mbili tatu. Kumbe kiharusi hakijui mtu anaringa.

Yote haya aliyajua binti mkubwa, ambaye ndiye tunayemfuata. Huyu alikuwa fundi cherehani, na kiwanda chake kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia, makopo ya vifungo, na vipande vya bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, vikining'inia msumarini. Yeye na hesabu walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu shule. Mwalimu alikuwa na sifa za ngazi tatu kwa wanafunzi wake. Ya chini ilikuwa “umejaribu.” Ya kati, “umepata.” Ya juu kabisa, aliyoitoa kwa nadra, ilikuwa “umethibitisha.” Kitinda aliisikia hiyo ya juu tangu akiwa na meno ya utotoni. Fundi hakuwahi kuvuka “umejaribu,” na hata hiyo wakati mwingine aliona mama yake ameitoa kwa huruma.

Alikuwa amekwenda kwenye ofisi ya simu kuomba kumbukumbu za laini ya mama yake. Laini ilikuwa kwa jina la marehemu baba, wakataka hati kutoka mahakamani, na mahakama nayo ikataka wiki zake. Alijaribu namba ya zamani ya Kitinda, imekufa. Alhamisi ya wiki ile ya mwisho, asubuhi, alikaa mbele ya kiti cha mama yake akiwa amekata tamaa.

“Huikumbuki hata kidogo, Mwalimu?”

“Naikumbuka vizuri sana,” Mwalimu alisema, kama aliyetukanwa. “Sizikumbuki tarakimu zake tu.”

“Sasa bila tarakimu namba inakuwa nini?”

“Inakuwa yenyewe. Ile namba ni mapacha, mwanangu. Namba tasa mbili, zimepishana kwa mbili tu, zimezidishwa. Mtoto alinichagulia mapacha.”

Fundi alikumbuka hata bila kuulizwa: namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa chochote ila moja na yenyewe. Alichapwa kwa ajili ya namba hizo. Akakumbuka jingine pia. Namba zote za kule aliko Kitinda zilikuwa na tarakimu nane, ukiacha zile za kuingilia nchi hiyo, na zote zilianza na sitini na mbili. Ile ya zamani ilikuwa hivyo, na Kitinda aliwahi kusema za kule zote ziko hivyo.

“Yaani ni namba moja kati ya milioni nzima,” alisema. “Tutaipataje?”

“Utaipata,” Mwalimu alimrekebisha. “Mimi siwezi hata kuhesabu vidole vyangu. Lete vifungo.”

Fundi alimwaga kopo la vifungo mezani. Kwa mkono wa kushoto, polepole, Mwalimu alivisukuma na kumwagiza amalizie: safu saba za vifungo vitano vitano. Tano na saba ni mapacha. “Sasa chukua safu moja, uigawe kwenye zile nyingine mpaka upate mraba.” Fundi alihamisha, akapanga, akapata mraba wa sita kwa sita, isipokuwa kona moja ilikuwa tupu. Kilipungua kifungo kimoja. Akajaribu kumi na moja mara kumi na tatu, akapata mraba wa kumi na mbili kwa kumi na mbili, na kona moja tupu.

“Kila mara?” aliuliza.

“Kila mara. Mapacha wakizidishana, wanazaa mraba wa yule aliyekaa katikati yao, kasoro kimoja. Kwa hiyo usiwatafute mapacha. Mtafute wa katikati.”

Fundi aliitazama ile kona tupu kwa muda. Ilimpendeza, na ilimkera kwamba imempendeza.

Mwalimu hakumpa nafasi ya kupumua. Namba tatu zikifuatana, alisema, lazima moja yao igawanyike kwa tatu. Mapacha ni tasa, hawakubali kugawanywa, basi mzigo unamwangukia wa katikati. Tena mapacha ni witiri, hivyo wa katikati ni shufwa. Kinachogawanyika kwa mbili na kwa tatu kinagawanyika kwa sita. “Umeelewa?”

“Nimeelewa,” fundi alisema, akashangaa kwamba hakudanganya.

Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, na kitufe cha tano kilikuwa kimekufa siku nyingi, na kikokotoo kisicho na tano si kikokotoo. Akachukua chaki ya fundi na kipande kirefu cha bitana nyeusi, akakitandaza mezani. Elfu nane mara elfu nane: milioni sitini na nne, imepita. Elfu saba na mia tisa mara yenyewe: milioni sitini na mbili na ushei, imo ndani. Akashuka, akapanda, akazidisha, akafuta kwa kiganja, akazidisha tena. Mteja wa sare za shule alichungulia mlangoni akaambiwa arudi wiki ijayo. Kufikia alasiri alikuwa na mipaka yake: wa katikati hakuweza kuwa chini ya 7875 wala juu ya 7937. Ndani ya mipaka hiyo aliandika zile tu zinazogawanyika kwa sita.

Zilikuwa kumi.

Alizihesabu tena. Kumi. Kutoka milioni nzima, kwa vifungo na chaki! Aliinuka akazunguka meza, akarudi akakaa.

“Basi imekwisha, Mwalimu. Napiga zote kumi, mojawapo ni yeye.”

“Bila kitufe cha tano? Na asiposhika?” Mwalimu aliuliza. “Yule anafanya kazi kwenye mitambo inayopiga kelele kama mwisho wa dunia. Zikiita tano bila kushikwa, utajuaje ipi ya kung'ang'ania? Ukikisia, utakata tamaa mapema. Ukijua ni hiyo, utapiga mpaka ashike. Mimi sitaki bahati nasibu. Alinipa namba moja.”

Fundi alitaka kubishana, lakini na yeye pia alimjua mdogo wake. Simu zisizoshikwa ndizo zilikuwa jadi yake.

Ijumaa ikawa siku ya kugawanya. Kila wa katikati alikuwa na majirani wawili, na kila jirani alipaswa kujaribiwa kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, aonekane kama kweli hagawanyiki. Fundi aliandika orodha ya wajaribuji kando ya bitana kutoka juu kwenda chini: saba, kumi na moja, kumi na tatu, na kuendelea. Akaanza na wa mwisho kati ya kumi, akirudi nyuma, kama anavyofumua mshono. 7932 alianguka mara moja, jirani yake akigawanyika kwa saba. 7926 akaanguka, jirani yake akiishia na tano. Akafika 7920.

Jirani wa chini, 7919, aligoma. Saba haikuingia, kumi na tatu haikuingia, hakuna kilichoingia. Jirani wa juu, 7921, naye akagoma. Fundi alishuka na orodha, jasho likimtoka puani: hamsini na tatu, hapana, sabini na moja, hapana, themanini na tatu, hapana. Orodha ikaisha. Akaitupa chaki.

“Nimewapata! Mwalimu, nimewapata!”

Akazidisha 7920 kwa yenyewe, akatoa kimoja, akapiga namba. Iliita mara mbili tu.

“Kliniki ya meno, karibu,” ilisema sauti nzito ya mwanamume. “Unang'oa au unaziba?”

“Naomba kuongea na... Hapo hakuna msichana anayechimba visima?”

“Dada yangu, hapa tunachimba meno tu.”

Alikata simu. Aliketi juu ya marundo ya sare na kulia kwa hasira, kilio cha yule msichana wa darasani aliyekuwa akirudishiwa daftari likiwa jekundu tupu. Hakuna aliyemwonea, hesabu ilimkataa mapema na sasa imemkataa tena, na safari hii imemkataa pamoja na mdogo wake.

Mwalimu alimwacha alie kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia ubaoni, “Uliishia na mjaribuji gani?”

“Themanini na tatu.”

“Kwa nini hapo?”

Fundi aligeukia bitana. Aliishia hapo kwa sababu bitana iliishia hapo. Orodha ilikuwa imefika kwenye pindo, na mkono wake, uliozoea kwamba kitambaa kikiisha kazi imeisha, ulisimama wenyewe.

“Kitambaa kiliisha,” alisema kwa aibu.

Mwalimu alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitali, kimepinda upande mmoja, na kilimtikisa mpaka kiti kikalia. “Mwanangu, namba haina habari na pindo lako! Unajaribu mpaka mjaribuji akijizidisha mwenyewe aizidi namba yako. Hapo ndipo pindo lilipo. Mwite anayefuata.”

Aliyefuata baada ya themanini na tatu alikuwa themanini na tisa. Fundi alifuta machozi kwa kiganja cha chaki, akajipaka uso mzima, akazidisha 89 kwa 89. Ikatoka 7921 kamili, bila baki. Yule jirani wa juu alikuwa amejificha nyuma ya pindo la bitana, ubavu mmoja themanini na tisa na ubavu wa pili themanini na tisa, akimcheka.

“Mwizi mkubwa wewe,” fundi aliiambia namba, na akajikuta anacheka pia.

Akaunga kipande kingine cha bitana kwenye kile cha kwanza, kwa cherehani, mshono wa haraka, akaandika 89 chini ya orodha. Safari hii alirudi nyuma taratibu. 7914 alianguka kwa tano. 7908 alianguka kwa kumi na moja. 7902 kwa saba, 7896 kwa tano, 7890 kwa saba tena, 7884 kwa tano. Giza lilipoingia alibakiwa na mmoja tu, 7878, na Mwalimu alimwamuru akalale. “Kichwa kilichochoka hugawanya uongo,” alisema.

Jumamosi aliamka mapema. Kama na huyu wa mwisho akianguka, basi mama yake alikumbuka vibaya na hakukuwa na pa kugeukia. Alimpa Mwalimu chai na kumsogeza karibu na meza. Akaanza na 7877. Saba ikabakiza baki. Kumi na moja ikabakiza baki. Kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, wote wakagonga mlango na kurudi. Akashuka orodha yote mpaka chini, akavuka mshono wa kuungia, akafika 89 na kuiona imeshazidi. Jirani wa kwanza alikuwa tasa. Akaenda kwa 7879. Jua lilikuwa limeshapanda na kuingia dirishani, likaangaza vumbi la chaki. Saba, hapana. Thelathini na saba, karibu sana, ila hapana. Sabini na moja, hapana. Themanini na tatu, hapana.

Tisa walikuwa wameanguka, kila mmoja kwa sababu inayojulikana, na huyu mmoja alikuwa amesimama kwa sababu inayojulikana. Fundi alijisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia darasani hata siku moja: hakuwa na wasiwasi. Hakukuwa na haja ya mtu kumwekea alama ya vyema. Ingekuja dunia nzima kumbishia, angewaonyesha bitana.

“Ni huyu,” alisema.

“Una hakika?”

“Mwalimu, hakuna mwingine.”

Alizidisha 7878 kwa yenyewe, akatoa kimoja. 62062883. Hakukuwa na tano hata moja ndani yake. Akapiga.

Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Saa ya ukutani ilikuwa imeshavuka saa tano. Akapiga tena. Jana angeshakufa moyo na kurukia namba nyingine. Leo hakukuwa na namba nyingine, na alilijua hilo kama anavyojua upana wa mabega ya wateja wake. Akapiga. Akapiga. Mwalimu alifumba macho, mkono wa kushoto umekamata ukingo wa meza. Akapiga.

“Nani anapiga hivi kama moto unawaka?” ilifoka sauti katikati ya mngurumo wa magari. “Tunataka kuondoka!”

Namba ya fundi ilikuwa ngeni kwake. Fundi alitaka kusema jina, akataka kusema salamu, kilichotoka kikawa kingine.

“Elfu saba, mia nane sabini na saba.”

Sauti ikarudi ndogo, ya mtoto wa mwisho.

“Mara elfu saba, mia nane sabini na tisa... Dada? Ni wewe? Mama yuko wapi? Nilingoja mwezi mzima, Dada. Tumeshapakia mizigo.”

“Shuka kwenye gari,” fundi alisema. “Mama aliugua, simu ikafa. Sasa yupo, yuko hapa. Shuka kwanza.”

Akamwekea Mwalimu simu sikioni. Mwalimu alisikiliza maneno ya mtoto wake yakimwagika, na machozi yakamshuka pande zote mbili za uso, ule mzima na ule uliopinda.

“Nilikusamehe siku ile ile ulipoichagua,” alisema polepole. “Nilikuwa nakuringia tu, mwanangu. Rudi nyumbani. Chimba visima huku, watu huku nao wana kiu.”

Kutoka simuni kilisikika kilio, kisha kishindo cha mlango wa gari, kisha sauti ya Kitinda ikimfokea mtu ashushe begi la bluu. Alipotulia akauliza kitu ambacho fundi alikisikia mpaka pale alipokaa, kwa kuwa mdogo wake hakuwahi kujua kuongea kwa sauti ya chini: namba ameipata wapi, maana Mama hashiki tarakimu, na Dada, Mungu amsaidie, hata jedwali la saba lilimshinda. Au alibahatisha?

Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vifungo.

“Kubahatisha?” Mwalimu alisema, na ingawa ulimi ulikuwa mzito, neno la mwisho alilitamka silabi kwa silabi, kama alivyokuwa akilitamka mbele ya darasa zima. “Dada yako hakubahatisha. Dada yako amethibitisha.”

Vifungo vilimponyoka fundi mkononi vikatawanyika sakafuni, chini ya cherehani, chini ya meza, mpaka mlangoni. Hakuviokota. Alikaa pale pale sakafuni katikati yao, uso umejaa chaki, akicheka na kulia kwa pamoja.